RAS: Herufi Tatu Zinazolala Langoni

Kirundi kiliazima neno la Kiswahili kikaligeuza mtu. Kwa Mswahili zamu ni kipindi cha kazi: mtu huingia zamu, hushika zamu, hutoka zamu. Kwa Mrundi umuzamu ni binadamu kamili, mwenye koti zito, tochi na rungu, anayekesha langoni mwa nyumba isiyo yake. Waswahili wa Buyenzi na Rumonge wamelipokea neno lao likiwa limebadilika, nao sasa humwita mlinzi zamu bila kusita. Mwulize zamu. Zamu amekwenda kunywa chai. Zamu alikuwa amelala.

Ndani ya neno hilo mna jambo ambalo waajiri wengi wa walinzi wamelisahau. Zamu haishikwi na mtu mmoja. Ina mwanzo na ina mwisho, na penye mwisho pana mwenzake anayeingia, ambaye lazima aachiwe funguo, tochi na habari za usiku. Funguo na tochi hukabidhiwa kwa sababu zinashikika. Habari za usiku ndizo hupotea kati ya lango na barabara, maana anayetoka ana usingizi, anayeingia amechelewa, na basi la kwenda mjini halimngoji mtu.

Magara ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa karibu. Iko kwenye barabara ya taifa namba 3, RN3, inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, milima ikiwa kushoto na Ziwa Tanganyika kulia. Mwisho wa juma watu wa mjini huja kuoga na kula mukeke wa kuchoma. Siku za kazi hubaki wavuvi, wachuuzi wa ndagala, malori yenye madumu ya mawese, na walinzi: wa hoteli, wa maghala, wa nyumba za ufukweni ambazo wenyewe huonekana kwa nadra. Kiwanja cha ufukweni kina malango mawili. Moja ni la barabarani, lenye kizuizi, kibanda na daftari. La pili ni ziwa lenyewe, na hilo halina hata kalamu. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi hujaa majini, na mtumbwi wowote unaweza kuteleza hadi mchangani bila kuacha namba ya gari. Daftari za kununua dukani huchorwa kwa ajili ya magari. Mlinzi makini wa Magara angepiga mstari mmoja zaidi kwa rula, akafungua safu ya maji: mtumbwi uliosogea, saa ngapi, watu wangapi, ulielekea wapi.

Kinachoandikwa badala ya hayo ni herufi tatu. Ofisi za Burundi zilirithi Kifaransa, na pamoja nacho zikarithi RAS, kifupi cha rien à signaler, yaani hakuna la kuripoti. Saa 20, RAS. Saa 22, RAS. Saa 24, RAS. Saa 2, RAS. Saa 4, RAS. Ukurasa una vina kuliko utenzi. Msomaji mwenye jicho atagundua kwamba wino ni mmoja, mkono umeinama vilevile kutoka juu hadi chini, na hata pale biki ilipoanza kukwama imekwama mfululizo. Usiku mzima umeandikwa kwa mkupuo mmoja, ama jioni kabla ya kulala, ama alfajiri baada ya kuamka. Walinzi wa Dar es Salaam nao wana yao, hali shwari. Ugonjwa ni uleule.

Tuwe waadilifu: usiku mwingi kweli hautokei kitu. Lakini hata ukimya una maelezo yake. Taa ya upande wa jikoni imeungua. Mbwa wa jirani alibweka kuelekea ziwani kwa muda mrefu. Mgeni wa chumba fulani alirudi amelewa akaegesha gari nje ya mstari. Jenereta iliwashwa saa 1 usiku ikazimwa saa 5. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, katika nchi ambayo kwa miaka kadhaa sasa imehangaika na uhaba wa mafuta na ambako dumu la mazutu ni mali ya kuibiwa. Saa za jenereta zikiandikwa kila usiku, mafuta yanayopungua huonekana mapema. Zisipoandikwa, mwisho wa mwezi kila mtu humtazama mwenzake.

Na anayetazamwa kwanza anajulikana. Tuseme asubuhi ya Jumapili injini ya boti haipo. Yeyote anayejua kazi ya ulinzi Afrika Mashariki anajua nani atakamatwa kabla ya chai: mlinzi wa usiku. Ataulizwa aliipokea injini hiyo lini, aliiona mara ya mwisho saa ngapi, na nani aliingia. Akiwa na ukurasa unaosema kwamba jioni alipokea injini mbili zenye namba hizi, zimefungwa kwa mnyororo; kwamba saa 5 usiku alizikuta zote; kwamba saa 8 usiku gari la mtu wa humohumo ndani liliingia, namba yake hii, likatoka na mzigo uliofunikwa turubai, basi ana shahidi asiyeogopa bosi. Akiwa na RAS tano, amejifunga mwenyewe, kwa sababu RAS ya saa 8 usiku inamaanisha kwamba alikuwa macho, alikagua, na vyote vilikuwepo.

Wenye mali hudhani daftari ni kamba ya kumfungia mlinzi. Walinzi nao wamekubali dhana hiyohiyo, ndiyo maana hulijaza kama mwanafunzi anayenakili adhabu. Makala haya yanashikilia kinyume chake: daftari la lindo ni mali ya mlinzi kabla halijawa mali ya mwajiri. Mwenye hoteli ana wakili, ana bima, ana simu ya mkubwa fulani. Zamu ana karatasi tu, na afadhali iwe imeandikwa vizuri.

Daftari la mlinzi linalojulikana zaidi duniani liliandikwa na kijana wa miaka 24 aliyekuwa akilipwa kama dola 80 kwa wiki. Frank Wills alikuwa zamu katika jengo la Watergate jijini Washington usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972. Katika mzunguko wa kwanza alikuta utepe wa gundi umebandikwa kwenye kitasa ili mlango usijifunge. Akaubandua, akidhani umeachwa na wafanyakazi. Aliporudi baadaye akakuta mwingine palepale. Akaandika saa, 1:47, akaandika kwamba amekuta utepe mlangoni, akawapigia simu polisi. Watu watano wakakamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic, na Agosti 1974 Rais Richard Nixon akajiuzulu. Daftari lile limehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani. Wills mwenyewe hakupata faida yoyote ya maana. Alifariki maskini mwaka 2000. Jambo la kuiga kwake ni udogo wa alichoandika: mlango, utepe, saa. Hakuandika kwamba kuna njama ya wakubwa. Hakuijua, na haikuwa kazi yake kuibuni.

Wakufunzi wa walinzi wangeokoa muda mwingi wakianzia hapo. "Wezi walikuja wakakimbia" ni hukumu. "Watu wawili, mmoja mrefu mwenye koti jekundu, walisimama kwenye ukuta wa kaskazini, walipomulikwa waliondoka kuelekea barabarani" ni ushahidi. Mwandishi wa sentensi ya kwanza akifika mahakamani, wakili atamuuliza alijuaje kwamba ni wezi. Wa sentensi ya pili hana pa kushikwa. Vivyo hivyo kosa la kuandika: likatwe kwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani lisomeke, litiwe sahihi pembeni. Neno lililofutwa kwa wino mweupe huzaa maswali kuliko neno lililokosewa. Kurasa zitiwe namba kabla daftari halijaanza kutumika, maana ukurasa uliochanwa kwenye daftari lisilo na namba haujulikani kama uliwahi kuwepo.

Saa ile ya Wills, 1:47, kwa Mswahili ni saa 7 na dakika 47 usiku, na hapo pana mtego ambao vitabu vya ulinzi vilivyoandikwa ng'ambo havina habari nao. Mlinzi wa Magara huhesabu saa kwa Kiswahili, kutoka machweo na mapambazuko, lakini fomu aliyopewa ni ya Kifaransa. Akiandika "saa 2", je, ni saa 2 usiku, wageni wakiwa mezani, au ni saa 2 ya Kifaransa, kijiji kizima kimelala? Kati ya saa mbili hizo mna saa sita, na ndani ya saa sita injini ya boti inaweza kuwa imeshavushwa Kongo. Halafu kuna ziwa lenyewe. Burundi na Kongo ya mashariki ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Boti iliyong'oa nanga Kigoma saa 2 usiku kwa saa za huko, Rumonge ilikuwa bado saa 1. Daftari za pande mbili zikilinganishwa bila kutaja ni saa za nchi gani, mtu mkweli ataonekana mwongo kwa dakika 60. Dawa ni rahisi hadi inachosha kuitaja: tarakimu nne, 0200 au 2000, na juu ya kila ukurasa tarehe na nchi.

Tarehe, tena, iandikwe siku hiyohiyo. Anayetoka Bujumbura kwenda Magara hupita Mugere, lilipo jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaowasimulia wageni kwamba hapo ndipo mabwana hao walipoonana kwa mara ya kwanza. Walionana Ujiji, kisha wakapanda kaskazini kwa mtumbwi kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Lakini hata kuonana kwao Ujiji kuna tarehe mbili: shajara ya Livingstone inasema mwishoni mwa Oktoba, kitabu cha Stanley kinasema 10 Novemba. Hawa walikuwa watu wa kalamu, waliojua kwamba dunia itawasoma. Homa na safari ziliwavurugia hesabu ya siku. Mlinzi anayesema "nitaandika kesho" anajiamini kuliko Livingstone.

Kisa kizito kuliko vyote kiko Kenya, na hakihusu injini wala mazutu. Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka mahakamani Mavoko, wakatekwa, wakafungiwa kwa siri katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Kwa kanuni, kila anayetiwa mahabusu huandikwa katika daftari la matukio, lile ambalo Wakenya wote huliita OB, na huwa na namba. Kwa watu watatu hawa kilichobaki kueleza walipokuwa ni kipande cha karatasi ya chooni, chenye maandishi ya mkono ya kuomba mke apigiwe simu, kilichorushwa nje na kuokotwa na mpita njia. Miili yao ilipatikana siku kadhaa baadaye katika mto huko Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wanne, watatu kati yao polisi, na Februari 2023 mmoja wa polisi hao, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo. Karatasi ya chooni ilifanya kazi ambayo daftari la serikali lilipaswa kuifanya.

Kuna watakaosema kwamba zama za daftari zimekwisha, siku hizi kuna kamera. Lakini Juni 2025 mahabusu Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kupigwa na kukabwa shingo. IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, iliwaambia maseneta kwamba mfumo wa kamera wa kituo ulikuwa umechezewa. Ikiwa hayo yanawezekana katikati ya jiji lile, kamera ya hoteli ya Magara, ambako umeme hukatika na ziwa linapofura huingia hadi barazani, haiwezi kuachiwa kazi peke yake. Kamera na daftari zisaidiane. Kimoja kikinyamaza, kingine kisemeshwe.

Mashine za kuhakiki doria nazo si jambo jipya. Tangu karne ya 19 viwanda vya Marekani viliwabebesha walinzi saa nzito, na kila pembe ya kiwanda ilifungwa ufunguo uliochapa alama ndani ya saa hiyo. Leo ni kidude kinachoguswa ukutani au simu inayotuma mahali ulipo. Huthibitisha kwamba mlinzi alipita. Alichokiona alipopita bado hukieleza mwenyewe, kwa lugha anayoimudu. Kwa nini basi mtu anayewaza kwa Kirundi na Kiswahili alazimishwe kuandika kwa Kifaransa cha kuazima? Nusu ya RAS za Burundi, mtu anaweza kukisia, ni za watu walioona kitu wakakosa neno la Kifaransa la kukitaja. Mwajiri anayeruhusu ripoti ya Kiswahili au Kirundi atapata ripoti ndefu zaidi tangu usiku wa kwanza.

Hata hivyo si kila daftari ni baraka, na Burundi inalijua hilo kuliko wengi. Katika mvutano wa kisiasa wa mwaka 2015 mitaa ya Bujumbura ilianza kudaiwa daftari la kaya: kila nyumba iandike wanaolala humo, watumishi na wageni wakiwemo, na polisi wanapopekua waone majina yanalingana na watu. Mtu ambaye jina lake halimo alijikuta mashakani, na wapo walioogopa kumkaribisha hata binamu. Kanuni ya ulinzi ni nzuri karatasini, jirani amjue jirani, kama katika utaratibu wa nyumba kumi wa Tanzania. Lakini kumbukumbu inayokusanywa na mwenye bunduki kuhusu asiye nayo hubadilisha tabia ya mtaa. Swali la nani anasoma daftari lina uzito sawa na swali la nini kimeandikwa.

Malango ya hoteli yana mzigo huohuo kwa kipimo kidogo. Daftari la wageni likilala wazi mezani, kila anayeingia anasoma jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho ya aliyemtangulia, na anajua ni chumba gani. Kenya iliingia katika mgogoro huu rasmi: sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2016 iliwapa walinzi ruhusa ya kuandika wanaoingia na hata kushikilia vitambulisho vyao kwa muda, kisha ikaja sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na mwaka 2024 mamlaka ya ulinzi binafsi ikasimamisha ruhusa ile. Mlinzi wa Magara hahitaji kusubiri bunge. Jina, gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na anayetembelewa vinatosha kwa usiku wa kawaida. Daftari likae ndani ya kibanda, aandike mlinzi mwenyewe, si mgeni.

Na daftari likishajaa? Wengi hulitupa chini ya meza, panya wakamaliza kazi. Hata lisipoliwa, huweza kupotea pamoja na lilichokihesabu. Feri ya MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa na ruhusa ya kubeba abiria 101, watu 228 walikufa, na habari za siku zile zilisema kwamba mkatisha tiketi alizama pamoja na mashine yenye hesabu ya abiria. Hesabu ilikuwepo, ila ilisafiri kwenye chombo kilekile. Boti zinazobeba watu na mizigo kutoka Rumonge zina somo humo, na hoteli zilizojengwa hatua chache kutoka majini pia. Picha moja ya ukurasa, inayopigwa kwa simu kila asubuhi na kutumwa kwa mtu aliye nje ya kiwanja, hugharimu sekunde.

Hakuna lolote kati ya haya litakalosimama kama daftari halisomwi. Mlinzi akiandika kwa miezi mitatu kwamba taa ya upande wa ziwa imeungua na hakuna anayeibadilisha, mwezi wa nne ataandika RAS, naye atakuwa ameelewa somo alilofundishwa. Mwenye hoteli, meneja, mwenye nyumba ya ufukweni unayeisoma hii mwisho wa juma ukiwa njiani kwenda Magara: ukifika, kabla hujaagiza mukeke, simama langoni, msalimu zamu, umwombe ukurasa wa usiku wa jana. Usome wote. Andika swali moja pembeni, tia sahihi yako na saa. Kisha nenda ukabadilishe ile taa.